Kibuyu Kilichokunywa Chumvi

Hapo kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, majirani na madeni kama sisi, ilikuwa siku ya Jumatano, wiki ya mwisho ya masika, saa moja asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, na ukungu mzito ulikuwa umelala juu ya bonde la Kilalani, hata pembe za nyati zikaonekana kama vijiti vinavyoelea. Ndipo mgeni mmoja mfupi, mwenye mkia mrefu na sauti kubwa kuliko kimo chake, alipopiga hodi mlangoni kwa Bi Siwema.

Bi Siwema alikuwa nyati wa makamo, mama wa ndama mmoja aitwaye Kidawa, na ndiye aliyekuwa mtunza chumvi wa kundi lote. Cheo hicho hakikuwa kidogo. Mto wa Kilalani ulikuwa na tabia ya kujificha: masika ulijaa, kiangazi ulizama chini ya mchanga. Aliyeweza kuyafikia maji huko chini ni Fundi Ndovu peke yake, na Fundi Ndovu hakuchimba bure. Kisima kimoja kilikuwa mabonge matano ya chumvi. Basi masika yote, udongo wa chumvi wa pangoni ulipokuwa laini, nyati waliukwangua kwa pembe, wakaufinyanga mabonge, wakamkabidhi Bi Siwema ayatunze mpaka siku ya kumwita fundi. Kiangazi udongo ule uliganda kama jiwe na hakuna pembe iliyouweza. Maji mengine yalikuwako, lakini mbali, mwendo ambao nyati mzima huuweza na ndama hauwezi. Kwa hiyo mabonge yale yaliyopangwa pangoni ndiyo yaliyokuwa maji ya Kidawa na ya ndama wenzake.

Mgeni alikuwa Nguchiro. Kundi lilimjua tangu utotoni, alipokuwa akifukua mende katika mavi yao na kulala baina ya kwato zao bila hofu. Kisha akatoweka, ikasemekana amevuka vilima.

"Shikamoo, Mama Kidawa."

"Marahaba, baba. Umepotea sana."

"Nilikwenda kusoma. Nimerudi na jambo, nikaona nyumbani waanze kulisikia." Akainua pua kuelekea kwenye ukungu. "Ninyi mnamlipa ndovu awachimbie maji ardhini, na maji yenyewe yanawapita puani kila asubuhi."

Bi Siwema alimtaka aeleze taratibu. Nguchiro akaeleza, na kwa kweli alieleza vizuri. Alikuwa ameunda chombo: kibuyu kikubwa kilichozungushiwa utando wa buibui wa vilimani, utando mnene kuliko huu wa kwetu, ambao huyakamata maji yaliyomo hewani na kuyateremsha kibuyuni tone kwa tone. Kibuyu kimoja, alisema, kingenywesha familia. Vibuyu hamsini vingenywesha bonde. Hakuna kuchimba tena wala kumbembeleza fundi. Kilichobaki ni mtaji tu, na mtaji katika bonde lile ulikuwa chumvi, kwa sababu buibui wa vilimani hawasuki bila kulipwa.

Wakaenda kukiona. Kibuyu kilikuwa kimesimikwa juu ya kichuguu kikubwa, upande wa kaskazini wa malisho, kimevaa utando unaometameta matone. Nguchiro akagonga kichuguu kwa mkia, mara tatu, kisha akazibua tundu lililokuwa chini ya kibuyu. Maji yakaruka, tiriri, yakajaza bakuli la gome la mti.

Kidawa ndiye aliyekuwa karibu. Akachovya mdomo, akanywa bakuli lote, akaliramba.

"Mama, haya ni matamu kuliko ya mtoni."

Nyati waliosimama nyuma wakacheka kwa furaha, kama wazazi wanavyomcheka mtoto wa mwenzao anapotembea kwa mara ya kwanza. Bi Siwema naye akacheka. Lakini alikuwa mtunza chumvi, na mazoea ya kazi hiyo ni kufikiria kiangazi wakati wengine wanatazama majani. Akauliza swali lake.

"Na ukungu ukiisha? Kiangazi kitakamata nini?"

Nguchiro hakuharakisha jibu. Alimtazama kwa upole, namna kijana anavyomtazama shangazi aliyeshindwa kufungua mlango wa kisasa.

"Mama Kidawa," akasema, "teknolojia haina kiangazi."

Wenzake wakacheka tena, na safari hii Bi Siwema alihisi kwamba wanamcheka yeye. Akajikaza, akasema angependa kukiona kibuyu kikifanya kazi siku ya jua, ndipo kundi litoe chumvi. Nguchiro akakubali mara moja. Akasema hata yeye hapendi kuharakisha watu. Ila hisa zilikuwa zinakwisha, na asingeweza kuwawekea nyati nafasi ilhali Kifaru alikwisha kutoa mabonge kumi kwa ajili yake peke yake.

Hapo mambo yakabadilika. Nyati na Kifaru walikuwa hawasalimiani tangu misimu miwili nyuma, walipogombania dimbwi la tope. Kuwaza kwamba Kifaru, mkali yule asiye na ukoo, angekaa kiangazi kizima na maji yake huku wao wakipanga foleni mchangani, kuliwachoma. Hakuna aliyetaka kuvuka mpaka kwenda kumuuliza kama habari hiyo ni ya kweli. Kumuuliza kungekuwa kumsalimia.

Sasa, wanangu, lazima niwaeleze jinsi nyati wanavyokata shauri, maana bila hilo hamtaelewa walivyoangamia. Nyati hawapigi kelele barazani. Adhuhuri, kundi likiwa limelala, majike wazima huinuka mmoja mmoja, kila mmoja akaelekeza pua upande anaoutaka, akasimama hivyo kitambo, kisha akalala tena. Hakuna anayesema neno. Upande ulioelekewa na pua nyingi ndio shauri la kundi, na shauri likishapita halijadiliwi. Wazee wao waliweka desturi hiyo ili mwenye sauti kubwa asimtawale mwenye sauti ndogo.

Shauri la chumvi lilipangwa siku ya pili yake. Aliyetaka kuwekeza aelekee kichuguu, kaskazini. Aliyekataa aelekee pangoni, kusini. Nguchiro aliomba kitu kimoja tu, nacho kilionekana ni adabu: kwa kuwa yeye ni mgeni katika shauri hilo, wamruhusu akae mbali, huko kwenye kibuyu chake.

Adhuhuri hiyo jua lilikuwa limetoka na upepo ulikuwa unavuma kutoka kaskazini. Huko kichuguuni Nguchiro alizibua tundu, akaacha maji yamwagike juu ya udongo uliopata moto. Mnaijua harufu hiyo. Hakuna kiumbe anayeishi kwa kula majani ambaye harufu ya udongo uliolowa ikimfikia hageuzi kichwa.

Majike wakainuka. Wa kwanza akaelekea kaskazini. Wa pili kaskazini. Wa tatu alikuwa amesimama akielekea pangoni, kisha pua ikamcheza, shingo ikageuka yenyewe. Bi Siwema aliona. Alisimama akielekea kusini, akahisi harufu ile inamvuta puani kama kamba, akajilazimisha asigeuke, huku akiwatazama wenzake wakigeuka wote. Alielewa kwamba pua zinazonusa zilikuwa zinahesabiwa kuwa pua zinazokubali. Alitaka kusema. Lakini nyati hawasemi wakati wa shauri, na likishapita hawalijadili. Akalala.

Jioni hiyo alimkabidhi Nguchiro mabonge ishirini na tano. Akabakiza matano, akiba ambayo desturi ilikataza isiguswe kwa lolote isipokuwa kumwita Fundi Ndovu.

Kila familia ikapewa unyoya wa kanga kuwa cheti cha hisa yake, na mama wa familia akauchomeka sikioni. Mwezi uliofuata ulikuwa wa raha. Majike waliamkiana kwa kutikisa masikio ili manyoya yaonekane. Mwenye unyoya mmoja aliuuza kwa malisho ya siku mbili, kisha ya siku nne, na aliyeuza mapema alichekwa. Wapo waliokwisha kupanga watakavyowauzia swala maji. Fundi Ndovu alipita siku moja kuuliza kama watahitaji visima mwaka huo, kwa sababu pundamilia nao walimwita. Jike mmoja kijana akamjibu kwamba kazi yake imepitwa na wakati, aende akachimbe viazi. Ndovu alimtazama Bi Siwema, naye Bi Siwema, akiwa na unyoya wake sikioni, alitazama kwato zake.

Kisha ukungu ukaisha.

Ulianza kwa kuchelewa, ukawa unakuja nusu, ukawa hauji. Mto ukapungua, ukawa madimbwi, ukawa mchanga. Kibuyu kikatoa bakuli moja kwa siku, baadaye nusu bakuli la maji mazito yenye ladha ya tope. Nguchiro hakukimbia wala hakujificha. Alikuja kila asubuhi na maelezo mapya. Chombo kilikuwa bado kinajifunza hewa ya Kilalani. Chombo kilikuwa tayari kimejifunza, ila utando ulikuwa wa toleo la kwanza. Toleo la pili lilikuwa limekamilika huko vilimani, zuri ajabu, na buibui walikuwa wanangojea malipo ya mwisho tu, mabonge matano.

"Yamebaki matano ya akiba," alisema Bi Siwema. "Ni ya ndovu. Hayaguswi."

"Sawa kabisa," akasema Nguchiro. "Mimi sitakulazimisha, Mama Kidawa. Mwite ndovu, akuchimbie kisima kimoja kwa kundi zima. Ila kesho uwaambie wenzako wang'oe manyoya masikioni, kwa sababu yamekuwa manyoya ya kanga tu. Uwaambie wewe. Mimi ni mdogo, hawatanisikiliza."

Bi Siwema alikaa na maneno hayo tangu asubuhi hadi alasiri. Aliwaona wenzake wakitikisa masikio. Alijua kila mmoja alivyokwangua pangoni masika yote mpaka pembe zikatoa ufa. Akawaza kwamba kama angetoa matano hayo na chombo kikafanya kazi, yote thelathini yangekuwa yameokoka. Na kama angeyazuia, yale ishirini na tano yangekuwa yamepotea siku hiyohiyo, kwa kinywa chake yeye. Hakuitisha shauri. Alikwenda pangoni peke yake, akatoa mabonge matano ya akiba, akampa Nguchiro.

Siku hiyo ndiyo ya mwisho Nguchiro kuonekana bondeni.

Bi Siwema alingoja siku tatu. Ya nne Kidawa alikataa kuinuka kwenda malishoni, ulimi umemkauka kama gome, naye mama akaenda kichuguuni akiwa na hasira iliyochanganyika na haya. Alimkuta Kifaru amesimama hapo, na utando wa kibuyu umemnata kwenye pembe.

Walitazamana. Ikabidi wasalimiane.

"Hujambo, jirani."

"Sijambo. Wewe ulitoa ngapi?" akauliza Kifaru.

"Thelathini. Na wewe?"

"Kumi na mbili."

"Wewe ndiye uliyetangulia," alisema Bi Siwema. "Sisi tuliingia kwa kuwa wewe uliingia."

Kifaru akahema. "Nani aliyekwambia? Mimi niliambiwa kundi zima la nyati limeingia. Nikasema, nyati wana mtunza chumvi mwenye akili, hawezi kutoa bure. Ndipo nami nikatoa."

Bi Siwema akainamisha pembe, akakichoma kichuguu ubavuni, akakipasua. Ndani kulikuwa na njia za nguchiro, zimechimbwa nadhifu, zinapanda hadi chini ya kibuyu. Katika njia ya juu kulikuwa na unyasi mrefu wenye tundu, kama mrija, na kando yake vibuyu vidogo vya kubebea maji, vimepangwa mstari. Njia ya chini ilitokea upande wa pili wa kichuguu, kwenye dimbwi lililokuwa limekauka na kupasuka. Nguchiro na ndugu zake walikuwa wamekesha wakiteka hapo tangu mwisho wa masika mpaka dimbwi likakauka, na mkia wake ulipogonga mara tatu, aliyekuwa ndani alijua ni wakati wa kumimina. Utando haukukamata chochote ila umande, na umande ule hata majani hukamata.

Walifuata nyayo za Nguchiro, wakampata alasiri hiyo nje ya bonde, juu ya jabali, kwenye ufa mwembamba ambao hakuna pembe ingeingia. Alikuwa anajilamba makucha.

"Chumvi yetu," alisema Bi Siwema.

"Haipo. Imevuka vilima, imeuzwa, imeliwa."

"Ulituibia."

"Hapana, Mama Kidawa. Mwizi huingia usiku. Mimi niligonga mlango mchana, mkanipa." Akaacha makucha, akamtazama. "Wewe uliniuliza swali la maana siku ya kwanza. Niliogopa kidogo. Kisha wenzako wakacheka, nikajua hutaliuliza tena."

Kifaru alilisukuma jabali kwa kichwa mpaka damu ikamtoka, na jabali halikutikisika. Bi Siwema hakungoja kuona mwisho wake. Aligeuka, akaenda kwa Fundi Ndovu.

Alimkuta mtoni, upande wa pundamilia, mchanga umemfika magotini. Akamwamkia, akamweleza yote bila kupunguza, pamoja na ile akiba. Akamwomba visima viwili kwa mkopo wa chumvi ya masika ijayo.

"Dada," akasema Ndovu, "mwezi uliopita maji yalikuwa karibu, ningewachimbia sita. Sasa yamezama, na nina watoto wanaonisubiri. Mkopo sitoi. Nitachimba kimoja, mnipe malisho yote ya mashariki."

"Kwa muda gani?"

"Masika saba."

Malisho ya mashariki yalikuwa nusu ya bonde. Jambo kama hilo lilihitaji shauri, pua na ukimya na jua la adhuhuri. Bi Siwema aling'oa unyoya sikioni, akautupa mchangani, akasema, "Chimba."

Ndovu alichimba hadi alfajiri. Maji yalipotokea yalikuwa kidogo, yanachuruzika kutoka kwenye ukuta wa mchanga: ndama mmoja akinywa mafunda mawili matatu, inabidi wanaofuata wangoje shimo lijae tena. Kundi likapanga ndama wake wote ishirini foleni. Na kwa desturi ya Kilalani, ili asiwepo wa kusema kwamba mtunza chumvi anajihudumia, mwanawe hunywa mwisho.

Majike walimtazama Bi Siwema, wakingoja kuona kama ataivunja desturi hii kama alivyoivunja ile ya akiba, maana usiku huo alikwisha kuwaungamia yote. Mmoja wao, yule kijana aliyemtukana ndovu, akamwambia taratibu, "Mama Kidawa, mlete mbele. Hatutasema kitu." Na bila shaka wasingesema. Lakini nyuma ya kila mmoja kulikuwa na ndama mwenye ulimi mkavu, na chumvi ya ndama hao ilikuwa imetoka kwa mkono wake. Bi Siwema akasimama penye ukingo wa kisima, akamwita wa kwanza.

Alihesabu kwa sauti, kwa sababu kila mama alitaka kusikia kwamba wake amefikiwa. Jua lilipanda. Foleni ilisogea hatua moja, ikasimama, ikasogea. Kidawa alikuwa mwisho kabisa, amesimama kwa miguu iliyotengana kama ndama aliyezaliwa leo. Palipobaki ndama wanne mbele yake, alipiga magoti ya mbele, halafu ya nyuma, akaweka kidevu mchangani. Mama alimwona. Ndama aliyekuwa kisimani alikuwa hajamaliza. Alimwita Kidawa kwa jina mara moja, kisha mara ya pili, na sikio halikugeuka.

Wanangu, mtu akija kuwauzia kitu kwa kuwatajia walionunua kabla yenu, mwambieni kwanza awaoneshe kikifanya kazi siku ya shida.

Majike walidhani mtunza chumvi ataacha kazi. Wale wanne walikuwa bado hawajanywa, na mama zao walikuwa wamesimama hapo. Bi Siwema akageuza uso kisimani, akawaita mmoja mmoja, akahesabu mpaka mwisho, na ndama waliokunywa siku ile walikuwa kumi na tisa.